Risasi za .22 hutengenezwa kwa mabilioni, mbona hazipatikani?

Muulize mwenye bunduki ndogo ya .22 (namba hiyo ni kipenyo cha mtutu kwa inchi) kule Mafinga au Mbeya kwa nini haifyatui tena, na mara nyingi hatakwambia imeharibika. Bunduki ni nzima, leseni ni hai, mtutu umepakwa mafuta, ila silaha imefungiwa kabatini kwa sababu risasi zake hazionekani dukani. Za shotgun zipo. Za .375, zile za kuwindia nyati, huenda zipo pia. Ile ya bei ya chini, ambayo viwanda vya dunia hutoa kwa mabilioni kila mwaka, ndiyo muuzaji anayokujibu, "Tunasubiri mzigo."

Wanaoguswa na jambo hili Nyanda za Juu Kusini si wengi. Ni baadhi ya wenye mashamba, familia chache zilizorithi bunduki za wazee kwa utaratibu wa kisheria, na wale wanaopenda kwenda sehemu walizoruhusiwa kulenga shabaha siku ya mapumziko. Ni mchezo wa watu wachache, hauna ligi ya kutangazwa redioni. Lakini maelezo yanayozunguka kuhusu uhaba huu yamechanganyika mno. Wengine wanasema ni vita ya Ukraine. Wengine wanasema serikali ya Marekani imenunua risasi zote. Wapo wanaoapa kwamba madini ya risasi (lead) yamekwisha duniani. Kila jibu lina chembe ya ukweli ndani yake, na kila moja ukilishika peke yake litakupoteza.

Ganda linalotumika mara moja tu

Tuanze na risasi yenyewe, kwa sababu nusu ya jibu imo humo.

Risasi nyingi tunazozijua, kuanzia za bastola za polisi hadi za bunduki kubwa za kuwindia, zina kidude kidogo cha mviringo katikati ya kitako cha ganda. Hiyo ndiyo fataki. Pini ya bunduki ikiigonga, fataki inawaka, inaiwasha baruti, na risasi inatoka. Fataki hiyo hung'olewa baada ya kutumika. Mtu mwenye vifaa, na mwenye kibali katika nchi inayoruhusu, huweza kuokota maganda yake, kuweka fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, akaendelea na mchezo wake.

Ya .22 haina kidude hicho. Kemikali inayowaka imejazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, pale ganda lilipokunjwa kuzunguka. Pini haipigi katikati, inapiga pembeni na kuubonyeza ukingo. Ukingo ukishabonyea basi, ganda hilo halitumiki tena. Huwezi kulirudisha kwenye hali yake nyumbani kwako, na hata fundi hodari hatakusaidia.

Mfumo huu ni wa zamani. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alitengeneza risasi ndogo ya namna hii mwaka 1845 kwa ajili ya kulenga shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 Smith & Wesson wa Marekani wakatoa bastola yao ya kwanza inayotumia .22 fupi, na mwaka 1887 kampuni ya J. Stevens ikaleta ile ndefu kidogo ambayo ndiyo tunayoizungumzia hapa. Kwa ujumla wake ina urefu wa milimita 25 hivi, na kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6. Baruti iliyomo ndani haifiki hata robo ya gramu. Haikupigi bega, haina kishindo kikubwa, na kwa miaka mingi ilikuwa rahisi kiasi kwamba mtu angeweza kufyatua siku nzima bila kuumiza mfuko. Ndiyo maana karibu kila mlenga shabaha duniani amejifunzia nayo. Mashindano ya Olimpiki ya bunduki ya mita 50 hutumia hiyo hiyo, na duara la alama 10 kwenye shabaha yake lina kipenyo cha milimita 10.4 tu.

Kwa hiyo mwenye bunduki ya kawaida anapokosa risasi, katika nchi nyingine, anaweza kujitengenezea. Mwenye .22 anamtegemea mwenye kiwanda kwa asilimia mia moja.

Watu wa Uhehe wana kisa chao cha utegemezi wa aina hii. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, majeshi ya Mkwawa yaliuvunja msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski na kuteka bunduki karibu 300. Ushindi ule tunausimulia hadi leo. Ila hapakuwa na mahali popote Uhehe pa kutengeneza risasi za ganda kwa ajili ya bunduki zile, kwa hiyo thamani yake ilipimwa kwa risasi zilizotekwa pamoja nazo. Gobore lilikuwa na faida yake hapo: fundi wa kijijini aliweza kulishughulikia kuanzia mtutu hadi kinachowekwa ndani. (Sisemi hivi kumsifia mwenye gobore asiye na leseni. Polisi hutangaza mara kwa mara muda wa kusalimisha silaha kwa hiari, na magobore ni sehemu kubwa ya zinazorudishwa.)

Kiwandani si kazi ya kubuni leo na kuanza kesho

Kemikali inayowekwa kwenye ukingo wa ganda kwa kawaida hutokana na stifneti ya madini ya risasi, dutu inayolipuka ikiguswa vibaya. Viwanda huishughulikia ikiwa imelowa, kama uji mzito, kwa sababu ikikauka hata msuguano mdogo unaweza kuilipua. Tone dogo huwekwa kwenye kila ganda, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili ule uji utawanyike na kuingia kwenye ukingo pande zote. Usipoenea sawasawa, pini itapiga mahali patupu na risasi haitawaka. Baada ya hapo ganda hukaushwa, hujazwa baruti, huwekwa kichwa na kubanwa.

Mashine za kazi hiyo ni maalumu. Huwezi kuchukua mtambo unaotengeneza risasi za bastola ukauambia kuanzia Jumatatu utoe .22. Na watu wanaoshughulika na ile kemikali wanahitaji mafunzo ya muda mrefu, maana kosa dogo ni msiba.

Matokeo yake, majina makubwa ni machache. Marekani kuna CCI huko Lewiston, Idaho. Federal wa Anoka, Minnesota. Winchester wenye kiwanda Oxford, Mississippi. Na Remington wa Lonoke, Arkansas. Mexico kuna Aguila wa Cuernavaca. Brazil wana CBC. Ulaya kuna Eley wa Birmingham, walioanza mwaka 1828, na Wajerumani kadhaa, wakiwemo SK wa Schönebeck. Wapo wengine, ila orodha haiendi mbali sana. Zaidi ya hapo, CCI, Federal na Remington ya risasi ziko chini ya mmiliki mmoja, na tangu Novemba 2024 mmiliki huyo ni kampuni ya Czech, CSG, iliyonunua biashara hiyo kwa dola bilioni 2 na ushei. Kampuni hiyo hiyo inatengeneza pia makombora ya mizinga.

Hofu ya Marekani

Sasa tufike penye kiini. Uhaba mkubwa wa .22 haukuanzia kwenye vita wala kwenye mgodi. Ulianzia kwenye vichwa vya wanunuzi.

Tarehe 14 Desemba 2012 kijana mmoja aliingia katika shule ya msingi mjini Newtown, Connecticut, akaua watoto 20 na watu wazima 6. Mjadala wa sheria za silaha ukafufuka Marekani nzima, na wamiliki wa bunduki wakaamini kwamba Rais Obama angepitisha masharti makali. Wakakimbilia madukani. Bunduki zikaisha, risasi zikaisha. Hilo lilitegemewa. Kilichoshangaza ni kwamba risasi za bastola na za bunduki kubwa zilirudi rafuni baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, ilhali .22 iliendelea kuwa ya kuvizia hadi kuelekea 2016, na hakuna jeshi linalopigana vita kwa .22.

Kwa nini hiyo? Kwa sababu ilikuwa ya bei rahisi. Boksi la .22 huja na risasi 50, na paketi kubwa huwa na 500. Mtu aliyezoea kununua paketi moja kwa miezi kadhaa aliweza kununua kumi kwa mkupuo bila kuuza kitu nyumbani. Risasi za bunduki kubwa hazikuruhusu hivyo. Bei yake yenyewe ilimzuia mnunuzi. Halafu wakaja walanguzi. Walijua siku ya mzigo kushushwa, wakapanga foleni alfajiri, wakakomba rafu na kuuza mtandaoni kwa bei mara mbili au tatu. Aliyekuja saa nne asubuhi akakuta patupu, na alipokutana na boksi wiki iliyofuata hakuchukua moja, alichukua yote aliyoruhusiwa. Maduka yakaweka kikomo kwa kila mteja. Kikomo chenyewe kikawa tangazo kwamba kuna uhaba.

Wakati huo viwanda havikuwa vimelala. Vilikuwa vinafanya kazi usiku na mchana na kutoa risasi nyingi kuliko kabla ya uhaba. Watu hawakuamini, na hapo ndipo uvumi ulipopata shibe.

Uvumi wa kwanza ulisema Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani imenunua risasi bilioni 1.6 ili wananchi wakose. Namba hiyo ilitoka kwenye mikataba iliyoruhusu ununuzi wa hadi kiwango fulani kwa miaka kadhaa. Haikuwa idadi iliyonunuliwa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliangalia suala hilo na ripoti yake ya Januari 2014 ilionyesha ununuzi wa wizara hiyo ukiwa wa wastani wa milioni 100 hivi kwa mwaka, tena ukipungua. Na askari wao hawatembei na .22.

Uvumi wa pili ulihusu kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi cha Doe Run, Herculaneum, Missouri, kilichofungwa mwishoni mwa 2013. Kilikuwa cha mwisho nchini humo kuyeyusha madini hayo moja kwa moja kutoka kwenye mawe ya mgodini, kwa hiyo habari ilisikika kama kifo cha risasi zote. Lakini uhaba ulikuwa umeshaanza mwaka mzima kabla. Na viwanda vya risasi havikukitegemea. Madini mengi yanayotumika hutoka kwenye betri za magari zilizoyeyushwa upya, na hizo hazikukoma.

Swali linalobaki ni kwa nini wenye viwanda hawakujenga mitambo mingine haraka. Jibu ni la kibiashara na mimi naliona lina akili. Faida ya risasi moja ya .22 ni ndogo sana, mtambo ni ghali, na kuusimamisha hadi ufanye kazi huchukua muda mrefu. Hofu ikiisha, unabaki na deni. Ndicho kilichotokea baadaye: Donald Trump aliposhinda uchaguzi wa 2016, wamiliki wa silaha walitulia, wakaanza kutumia walichokuwa wamejaza kwenye magaraji, mauzo yakashuka. Remington ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni Machi 2018, kisha tena Julai 2020.

Mara hiyo ya pili ilikuwa bahati mbaya ya pekee, kwa sababu ilikuja wakati watu wanazihitaji risasi kuliko wakati wowote. Janga la korona, maandamano na uchaguzi mkuu viliwafanya Wamarekani wakimbilie tena madukani. Mfumo wa FBI wa kuhakiki wanaotaka kununua silaha ulishughulikia maombi milioni 28.4 mwaka 2019. Mwaka 2020 yakafika milioni 39.7. Si kila ombi ni bunduki iliyouzwa, lakini mwelekeo unaonekana. Na kila mmiliki mpya alitaka risasi, huku kiwanda cha Lonoke kikiwa kwenye mikono ya wafilisi kwa miezi hadi kilipouzwa na kufufuliwa.

Baada ya 2022: pamba, mbolea na mizinga

Hapa ndipo wale wanaotaja Ukraine wanapopata haki yao, ingawa si kwa namna wanavyodhani.

Baruti ya kisasa hutengenezwa kwa nitroselulosi. Malighafi yake ni nyuzi fupi za pamba zinazobaki kwenye mbegu baada ya kuchambua, au majimaji ya mbao, ambazo huchanganywa na asidi ya nitriki. Nyuzi hizo kwa sehemu kubwa Ulaya huzinunua China. Asidi ya nitriki hutokana na amonia, na amonia hutengenezwa kwa gesi asilia. Mkulima wa mahindi wa Songwe au Njombe anaujua mnyororo huu hata kama hajawahi kushika bunduki, kwa sababu mbolea ya naitrojeni hupitia amonia hiyo hiyo. Gesi ilipopanda Ulaya, mbolea ikapanda hadi Makambako, na Agosti 2022 Rais Samia akazindua ruzuku ya mbolea kwenye Nane Nane hapo Mbeya, viwanja vya John Mwakangale. Baruti haikuzinduliwa ruzuku.

Nchi za Ulaya zikaanza kuagiza makombora ya mizinga kwa wingi ambao haukuonekana kwa miongo kadhaa, na kombora moja hula kilo za baruti. Ya .22, kama nilivyosema, hula chini ya robo ya gramu. Kwa hesabu hiyo mtu angesema haidhuriki. Lakini haigombanii wingi, inagombania nafasi kwenye ratiba ya mtengeneza baruti, na pale mteja mwenye mkataba wa serikali hutangulia. Ongeza antimoni, madini yanayotumika kuufanya mchanganyiko wa madini ya risasi uwe mgumu na pia kwenye baadhi ya fataki. China, mtoaji mkubwa, iliweka masharti ya kuiuza nje kuanzia Septemba 2024. Bei ikaruka.

Kwa hiyo kwa maoni yangu kuna mambo mawili yasichanganywe. Ule uhaba wa 2013 na ule wa 2020 ulikuwa wa hofu: rafu tupu huku viwanda vikitoa risasi nyingi. Hali ya baada ya 2022 ni ya gharama: risasi zilirudi rafuni Marekani, lakini kuzitengeneza kumekuwa ghali, na ghali haishuki haraka kama hofu.

Kuna jambo linaloniudhi kidogo kila ninapopita barabara ya Tunduma. Ganda la .22 ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Shaba ya Zambia na Kongo inapita mbele ya milango yetu kila siku, kwenye malori ya kwenda Dar es Salaam na kwenye mabehewa ya TAZARA. Inavuka Mbeya na Makambako, inapanda meli. Ikirudi huku, kama itarudi, imo ndani ya boksi la risasi 50 lenye bei ya kushangaza.

Safari ya kufika kwa mwenye leseni

Hadi hapo nimeeleza kwa nini dunia ilikosa. Lakini hata mwaka ambao Idaho kuna risasi za kumwaga, Iringa zinaweza zisiwepo, na sababu yake haihusiani na Idaho sana.

Tanzania silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na msimamizi wake ni Msajili wa Silaha aliye chini ya Jeshi la Polisi. Hununui risasi kama unavyonunua misumari. Unahitaji leseni ya silaha husika na kibali. Muuzaji naye anahitaji kibali cha kuingiza, na kiwanda anachonunua kinahitaji ruhusa ya serikali yake kuuza nje. Karatasi moja ikichelewa, mzigo mzima unasubiri. Njiani risasi husafirishwa kama bidhaa hatari, hata kama kundi lake katika kanuni za kimataifa, 1.4S, ndilo lenye masharti mepesi zaidi miongoni mwa vilipuzi. Meli nyingi na ndege nyingi hazitaki usumbufu huo.

Sasa jiweke kwenye kiti cha muuzaji wa Dar es Salaam au Arusha anayejaza fomu ya mzigo wake. Wateja wake wakubwa ni kampuni za uwindaji wa kitalii zinazotaka .375 na nyinginezo nzito, na walinzi na wakulima wanaotaka za shotgun. Sheria za wanyamapori zimeweka viwango vya chini vya bunduki kwa wanyama wakubwa, na .22 haimo kwenye mazungumzo hayo. Kwa hiyo anayetaka .22 ni mtu mmoja mmoja, mwenye kibali cha idadi ndogo, anayenunua mara moja na kupotea. Nafasi ikibana, ya .22 ndiyo inayofutwa kwenye fomu. Mimi ningekuwa muuzaji ningefanya hivyo hivyo.

Halafu kuna umbali. Iringa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 500, Mbeya ni zaidi ya 800. Ukisikia mzigo umefika, na kibali chako bado kinazunguka, wenzako wa Pwani wameshamaliza.

Wengi huuliza kama Shirika la Mzinga la Morogoro, ambalo limekuwa likihudumia mahitaji ya risasi tangu miaka ya 1970, lisingeweza kutuondolea adha hii. Uwezo wa kiufundi ni jambo moja. Soko ni jingine, na nadhani hapo ndipo pagumu. Mtambo wa .22 hujengwa utoe risasi kwa malaki; ukiuwasha kwa ajili ya wamiliki wa .22 walioko Tanzania, utazima muda mfupi baadaye kwa kukosa wa kumuuzia.

Ninajua lawama zinazotolewa kwa utaratibu wa vibali, na baadhi nakubaliana nazo, hasa ucheleweshaji. Lakini idadi iliyowekewa kikomo ndiyo iliyotuepusha na ule ugonjwa wa kujaza magaraji. Hapa hakuna anayeweza kukomba duka. Ubaya ni kwamba tunashiriki matokeo ya hofu ambayo sisi wenyewe hatukuruhusiwa kuwa nayo.

Jambo moja la kusisitiza: risasi hazikopeshwi kama chumvi. Kumgawia rafiki mwenye bunduki kama yako, au kuvusha boksi Tunduma kwa sababu upande wa pili umesikia zipo, ni kosa la jinai hata kama nia ni njema. Leseni yako haifuniki risasi za mtu mwingine, na ya kwake haifuniki zako.

Kinachobadilika kwa mlenga shabaha

Athari ya kwanza ni ile inayoonekana: mtu anafyatua kidogo. Aliyekuwa akitumia boksi zima kwa mazoezi ya siku moja sasa anatoa risasi kumi, anazihesabu, anaondoka. Kulenga ni ujuzi wa kurudia, na kurudia kukipungua mkono unasahau. Wanaoumia zaidi ni wanaoanza. Mwenye risasi chache hamfundishi mwanawe au mkewe nazo, anazibania.

Ya pili haionekani mapema. Bunduki za .22 zina tabia ya kuchagua. Bunduki mbili za kampuni moja, zilizofuatana kwa namba, zinaweza kupenda risasi tofauti. Washindani wakubwa hupeleka bunduki zao kwenye vituo vya majaribio vya watengenezaji, hufyatua toleo hadi toleo (yaani risasi zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja), na wakipata toleo linalokusanya matundu pamoja hununua la kuwatosha msimu mzima. Sisi wa huku tunachukua kilichopo, leo cha Mexico, kesho cha Brazil, na kila ukibadilisha shabaha inahama.

Kwenye milima yetu hili lina mkunjo wa ziada. Risasi za .22 za mwendo wa kawaida hutoka kwenye mtutu kwa mita kama 330 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Zile za kasi huvuka huo mwendo, kisha zinapopungua kasi hurudi chini yake zikiwa bado njiani, na pale penye mpaka huyumba. Mwendo wa sauti wenyewe hutegemea joto: kwenye nyuzi 25 ni kama mita 346 kwa sekunde, kwenye nyuzi 5 ni kama 334. Asubuhi ya Juni Njombe au Makete, risasi ambayo Dar es Salaam ilikuwa mbali na mpaka huo inaweza kujikuta iko juu yake kabisa. Ukiona matundu yametawanyika asubuhi na kukusanyika mchana, kabla hujalaumu bunduki angalia boksi limeandikwa nini.

Wengi wamegeukia bunduki ya upepo ya milimita 4.5, na mimi naona ni njia nzuri. Mchezo wa mita 10 wa Olimpiki ni wa bunduki hiyo hiyo, na mkono unaojifunza kuibonyeza kwa utulivu haupotezi kitu ukirudi kwenye .22. Ila usichukulie kwamba kwa kuwa haina baruti basi haimhusu mtu. Uliza polisi wa wilaya yako kabla hujaagiza. Wengine hufanya mazoezi ya kubonyeza bila risasi. Kwa bunduki nyingi za kawaida hakuna shida, lakini kwa .22 pini inayopiga ukingoni inaweza kugonga chuma cha chemba (pale risasi inapokaa) penye patupu na kukichimba, hasa kwenye bunduki za zamani. Tumia risasi bandia za plastiki, au usome kitabu cha bunduki yako kinasemaje.

Na uhaba humfanya mtu afukue vya zamani. Boksi la marehemu mzee lililokaa kabatini miaka 30 linaweza kufanya kazi, lakini liwe limo kwenye leseni, na ukiifyatua risasi isipowaka, mtutu ubaki umeelekea penye usalama kwa nusu dakika kabla ya kufungua. Huwaka kwa kuchelewa. Ikitoa mlio hafifu usio wa kawaida, acha hapo hapo, toa risasi zote na uchungulie mtutu kutokea nyuma. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama humo, na cha pili kikikifuata bunduki hupasuka. Tukiwa hapo: udogo wa .22 usikudanganye kuhusu ukingo wa udongo wa nyuma ya shabaha. Kichwa kile kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu.

Kuhusu kuzipata, ninachokiona kinafaa kwa watu wa huku ni kuwahi. Muuzaji huandika mahitaji yake kabla ya kuomba kibali cha kuingiza, na fomu ikishakwenda haiongezwi. Wamiliki kumi wa Iringa na Mbeya wenye leseni, wakimweleza mapema kwamba kila mmoja atachukua idadi yake halali, na ya chapa ile ile, wanampa sababu ya kuandika mstari wa .22. Aliye peke yake anayepiga simu baada ya kontena kuondoka bandari ya kupakia atajibiwa tena kwamba mzigo unasubiriwa, na safari hii atakuwa anasubiri wa mwakani.